Mdomo wa Bwana Asiye na Upande

Siku za Mwingereza, pale Nkoaranga, Anaeli aliitwa mdomo wa Bwana Pelham. Alikuwa mkalimani: Kimeru cha nyumbani, Kimasai cha minadani, Kiingereza cha misheni. Alivaa viatu alivyopewa na Bwana hata kwenye tope la migombani. Bwana mwenyewe alikuwa mtafiti. Kazi yake kutazama watu wanavyoishi. "Sina upande," alizoea kusema. "Natazama tu." Anaeli aliipenda kauli hiyo. Ilikuwa safi kama shati lililopigwa pasi.

Ikaja asubuhi moja ya ukungu. Walikuwa wakipandisha kilima, wakamwona Nathanaeli aking'oa masale, ile mimea ya mpaka, na kuipanda upya ndani ya shamba la Anande, mjane wa kaka yake. Bwana akapiga picha, wakarudi nyuma kabla hawajaonekana.

"Usimwambie mtu," alisema Bwana. "Tukiingilia, tutaharibu utafiti."

Anaeli akakubali. Kazi yenye viatu haikupatikana kila siku.

Mchana huohuo walikula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kwa Anande. Bwana akaongezewa bakuli la pili, akashukuru vizuri sana. Anaeli aliacha lake nusu.

Jumamosi ukoo ukakaa kusikiliza malalamiko ya Anande juu ya mpaka. Nathanaeli aliapa kwamba masale yako palepale yalipopandwa na baba yao. Anande akamtazama mgeni, kisha akamwambia Anaeli.

"Mwulize, mwanangu. Hupita pale kila siku. Ameona nini?"

Anaeli akauliza.

"Waambie mimi sihukumu," alijibu Bwana. "Sayansi haina mapenzi wala chuki."

Anaeli akatafsiri. Maneno yaliyokuwa safi kwa Kiingereza yakanuka alipoyatoa kwa Kimeru, mbele ya mwanamke aliyewapikia.

Mshili, mkuu wa ukoo, akaguna. "Kumbe hana macho. Basi ile miwani amemvalia nani?"

Watu wakacheka, Nathanaeli kuliko wote. Bwana, asiyeelewa neno, akatabasamu pamoja naye. Huyo ndiye asiye na upande, na shamba la mjane linakwenda.

"Ya Bwana yameishia hapo," akasema. "Haya ni yangu. Shemeji yake Anande aling'oa masale, sisi wawili tukimwona. Picha anayo."

Kicheko kikakatika. Nathanaeli akainamisha kichwa, na kabla ya jua kuzama masale yalirudi mahali pake.

Njiani Bwana akauliza alichosema. Anaeli akamweleza chote, akingojea kufukuzwa. Bwana hakukasirika hata kidogo.

"Inavutia sana," alisema. "Hebu niambie, ulijisikiaje uliposema?"

Anaeli akamtazama. Akainama, akafungua kamba za viatu, akaviweka vyote viwili mbele ya miguu ya Bwana. Alitamani kutema mate. Lakini pale mlimani mate ya mtu ni baraka, akayameza, akashuka peku.