Vikombe Vitatu vya Bwana Harms

Fenna anasema niandike mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyeharibu. Miaka sabini na tisa ninayo, shule niliiacha nikakamue ng'ombe, bado nasumbuliwa na kalamu. Haya, someni.

Fenna ni binti yangu. Mwanawe Jelto ana miaka saba. Hasemi, hakai bila kushikwa, na kumlisha bakuli moja la uji ni saa nzima. Fenna aliacha kazi ya kiwanda cha biskuti ili amtunze, akaomba ile pesa ya serikali kwa wazazi wenye watoto kama Jelto. Ikikataliwa, yeye anarudi kiwandani, mtoto anapelekwa nyumba ya malezi mjini Oldenburg.

Siku ya kuja mkaguzi wa serikali, Bwana Harms, nilikuwa nimeshasugua nyumba siku mbili. Kwetu Frisia Mashariki, kaskazini mwa Ujerumani, mgeni haonyeshwi uchafu wala shida. Jelto nilimlisha nusu ya uji mapema, nikamvika shati la kanisani, nikamfunga kitini kwa skafu yangu, juu yake blanketi. Kila swali nilijibu kabla Fenna hajafungua mdomo: tunamudu, mtoto mpole, hatuna neno. Fenna akanikanyaga mguu. Nikamwambia atazame anapokanyaga.

Bwana Harms akafunga daftari, akasimama.

"Mama," Fenna akasema polepole, "umeshanirudisha kiwandani."

Ndipo nikaelewa. Lakini yule bwana alikuwa amekunywa kikombe kimoja tu cha chai, na kwetu anayeondoka kabla ya cha tatu ameitukana nyumba. Nikamimina cha pili, sukari ya bonge ikapasuka ndani.

"Keti, mwanangu. Kwani umezaliwa Bavaria, kule kusini wasikojua adabu ya chai?"

Akaketi akicheka. Nikafungua skafu. Jelto akaanguka upande kama gunia, Fenna akamdaka bila hata kutazama. Nikamkabidhi Bwana Harms bakuli na kijiko.

"Mlishe wewe. Sisi tunywe chai."

Fenna akamshika Jelto kichwa, Bwana Harms akalisha. Chai ya pili ikapoa, na ya tatu. Uji ulikuwa kwenye tai yake, na Jelto akiangua kicheko.

"Hivi ni kila siku?" akauliza.

"Mara tano," Fenna akasema. Mimi nikajiuma ulimi, kazi ngumu kuliko zote.

Akafungua daftari tena, akaandika mpaka wino ukamwishia.

Barua ikaja baada ya Pasaka: wamekubali. Fenna alinibusu, kisha akanikataza kuongea na serikali maisha yangu yote.

Nawe, kama jirani yako ana mtoto kama Jelto, acha kusoma. Nenda ushike kijiko, mama yake akaoge.