Mbawakawa Aliyenuka Hospitali

Enzi zetu Kariakoo, mtoto hakuulizwa alikokwenda kucheza, alinuswa. Mama alisimama mlangoni akasema, "Leteni mikono." Ikinuka maembe, mmepita sokoni. Ikinuka grisi, mmetoka kwenye magereji ya mtaa wa Gerezani. Ikinuka dawa ya kusafishia wodi, basi mmeshuka bonde la Msimbazi kumsaka Daktari, na bakora inawahusu.

Daktari alikuwa mbawakawa wa kijani kinachong'aa, ukingo wa mgongo wake njano kama pindo la kanga. Ukimshika anakuachia harufu hiyo ya hospitali, na hata ujisugue limau haitoki. Mimi na Jayshree, binti wa jirani yetu muuza vitambaa, tulikuwa mabingwa wa kumkamata. Tulirudi tumelowa mpaka magotini, tunatafuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya kututoa machozi. Watoto wa leo mdudu wanamjulia kwenye kioo cha simu, na hapo bado wanapiga kelele.

Jayshree akaja kuwa mwalimu wa chuo, mtaalamu wa wadudu. Kumbe Daktari wetu ni adimu sana, na wataalamu wenzake Jayshree walishaamini kwamba hapa mjini ametoweka. Yeye alikataa. Miaka yote alimtafuta kwa nyavu kwenye madimbwi, asimpate. Mwaka huu anastaafu. Alikuja kwangu, chai ikapoa mbele yake.

"Saida, nisipompata safari hii wataandika hayupo tena, na mimi ndiye nitakayetia sahihi."

Roho iliniuma. Nikamuuliza anamtafutia wapi. Akasema majini, kwani si tulikuwa tunarudi tumelowa?

"Shoga, tulilowa kwa kukanyaga. Umesahau mchezo?"

Kesho yake asubuhi tulishuka bondeni. Pembeni ya maji, pale ambapo matete hayajafyekwa, tulishikana mikono tukakanyaga tope kama zamani, mpaka maji yakapanda na kulowesha majani yaliyooza. Huko chini ya majani ndiko Daktari anakoishi; maji yakimfikia, anatoka mbio. Vijana wa bodaboda walisimama juu barabarani, simu mkononi wakiturekodi, wakauliza, "Mama zetu, hiyo challenge ya wapi?" Hatukuwa na muda nao.

Akatoka. Kijani, pindo la njano, mbio zilezile. Jayshree alimfunika kwa kiganja, akamkagua kwa lenzi yake, akanusa vidole, kisha akaninyooshea mkono na mimi ninuse. Nililia bila kujificha. Tulikanyaga tena, wakatoka wengine, naye akawapiga picha pamoja na matete yao, ili kila mtu ajue wapo na wanakaa wapi.

Nyumba yetu ya zamani sasa ni ghorofa la maduka, na Mama anaishi kwangu. Macho yake hayaoni vizuri. Tulipoingia na matope yetu alinyanyua uso.

"Leteni mikono."

Enzi zile tungekimbilia limau. Safari hii tulimwachia anuse mpaka aridhike.