Kabla nirudi kwetu Emali, ilibidi kwanza tubadilishe brake fluid

Wakuu, salamu kwenu, wenye magari na sisi wa kutembea kwa miguu.

Mimi ni nyanya wa watu, hii simu mjukuu ndiye alinifundisha. Nimeona mnabishana humu brake fluid, haya mafuta ya breki, ibadilishwe lini. Nami nina yangu. Nitasema vile ilikuwa, na mahali nimesahau nitasema nimesahau. Chumvi siongezi.

Ilikuwa miaka ya themanini, Matinyani, hapo karibu na Kitui. Mume wangu, Baba Nzioka, alikuwa na station wagon ya rangi ya maziwa. Ilibeba sisi, ikabeba mbuzi, ikabeba kwaya ya kanisa.

Sasa sikieni ugomvi ulitoka wapi.

Kwetu Wakamba kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya mume, wa pili la baba ya mke. Nzioka alipata lake sawa. Wa pili alipozaliwa, mimi nilijua huyu ni Mutisya, baba yangu. Mzee akatoka Emali na koti yake ya sherehe, akaketi kanisani benchi ya mbele.

Pastor akauliza mtoto anaitwa nani. Mume wangu akasema Ndambuki, mjomba wake aliyemlea.

Baba yangu alichukua kofia yake akatoka nje polepole. Nikifumba macho hata leo naona mgongo wa hiyo koti. Iliniuma, wakuu.

Nikanyamaza. Na mimi nikinyamaza, nanyamaza kweli. Chakula naweka mezani, maji ya kuoga naweka, neno hakuna. Mtoto mimi namwita Mutisya, yeye anamwita "huyu mdogo". Mvua ikaja, ikaisha, bado tuko hivyo.

Siku moja nikakunja leso zangu, nikamwambia neno moja tu: Emali. Mtoto naenda naye, na siku ya kurudi sikusema.

Nilidhani atakataa. Hakukataa. Aliingia kwenye gari, akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Ile fluid tangu tununue gari haikuwa imeguswa.

Akasema, "Kama ni kwenda, utaenda na breki nzuri."

Akapanda matatu mpaka Kitui mjini, akarudi na mkebe mpya.

Sasa, kwa wasiojua: kutoa fluid ya zamani na hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja analala chini na spana, mwingine anakaa kwa usukani. Na hapo nyumbani mtu mzima mwingine alikuwa nani? Ni mimi.

Yeye akaingia chini ya gari, mimi nikaketi kwa usukani, mtoto amelala mapajani. Ilikuwa saa nane, jua limetulia, milango yote wazi, upepo unapita ndani ya gari na harufu ya vumbi. Sauti yake ilikuwa inatoka chini ya miguu yangu kama inatoka ardhini.

"Kanyaga."

Nakanyaga. Halafu lazima nijibu "nimeshika", ndiyo afungue nipple, ile skrubu ndogo ya kutolea fluid kwa gurudumu. Nisipojibu, hafungui. Pedali inazama taratibu chini ya mguu, anafunga, anasema "achilia". Ukiachilia kabla hajafunga, hewa inaingia na mnaanza upya.

Kwa hivyo nilijibu. Ningefanya nini?

Tulianza na gurudumu la nyuma, lile la mbali. Fluid ikapita kwa paipu ikaingia chupa ya jamu, nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Kanyaga. Nimeshika. Achilia. Baadaye ikaanza kung'aa.

Hapo katikati sikumbuki vizuri. Nilikuwa kama nimelala macho wazi. Hata nilisahau naenda wapi. Kulikuwa na sauti yake tu, na yangu, zikipokezana.

Tukiwa gurudumu la mwisho mtoto akaamka akalia. Mguu wangu uko chini, nangoja. Nikasikia spana ikifunga.

"Achilia," akasema. "Mutisya analia. Mnyonyeshe kwanza, breki itangoja."

Nikauliza, "Umesema nani?"

"Umenisikia, mama."

Nilinyonyesha hapo hapo kwa usukani, machozi yananitoka. Yeye hakutoka chini ya gari mpaka mtoto akashiba.

Kesho yake asubuhi Emali tulienda, lakini tulienda wote. Pedali ilikuwa ngumu vizuri, materemko yote tulishuka bila wasiwasi. Akampa mzee mtoto mikononi, akataja jina kwa kinywa chake. Mzee aliingia ndani akarudi amevaa ile koti. Na jioni nikarudi Matinyani na gari ile ile.

Funzo, wakuu: brake fluid inavuta maji kutoka hewani, hata kama gari imesimama tu. Badilisheni kila miaka miwili, msingoje pedali izame. Mkebe uliokaa wazi msitumie. Na ikimwagika kwa rangi ya gari, osheni haraka, inakula rangi.

Najua siku hizi fundi ana mashine, anafanya peke yake. Haya, niambieni, kwenu nani alikuwa anakanyaga?

Baba Nzioka alishatangulia. Siku hizi Mutisya ndiye hunipeleka kanisani. Akikanyaga breki pale kwa geti, mguu wangu pia unakanyaga, na mdomo unasema wenyewe: nimeshika.