Sketi ya Suruali ya Baba

Kila Desemba nikipita karibu na zahanati, harufu ya spiriti ya kidonda hunikaza mgongo kama mtu anayengoja kiboko. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa kwenye simba yetu kule Mutuini, chumba cha mabati wanacholala vijana mbali na mama zao, Desemba niliyotahiriwa, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Tulikuwa wawili, mimi na Njuguna. Yeye alikuwa mtoto wa Woodley, nyumba za kaunsili, lakini nyanya yake alikuwa jirani yetu, basi akaletwa auguze kidonda penye migomba na watu wanaojua kunyamaza. Mimi shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mtanivumilia nikienda kando kidogo.

Suruali haivaliki ukiwa na kidonda kile, kwa hivyo mnavaa sketi. Unachukua kaptula ya shule au suruali iliyochoka, unafumua mshono wa ndani wa miguu yote miwili, halafu unaunganisha mguu na mguu, mbele na nyuma, mpaka iwe duara moja. Sharti ni uishone mwenyewe, kwa mkono. Sindano ya mama ikiigusa, wewe bado mtoto, na waliotahiriwa mwaka uliotangulia wana ruhusa ya kukutandika. Njuguna alishona yake ya kaki kwa nyuzi kubwa kubwa, zimepinda, kama mtu anayeshona gunia la viazi. Yangu ilikuwa suruali ya bluu ya marehemu baba, aliyovaa akilinda maduka pale Adams Arcade. Baba alikuwa na miguu mirefu ajabu, alikuwa akivuka mtaro wetu bila kuruka, lakini hayo tuyaache. Nilijidunga kidole mara nne nikalia, mama akaninyang'anya. Akaishona kwa vishono vidogo, vilivyonyooka. Alishona taratibu sana na sikumharakisha, maana ilikuwa suruali ya mumewe.

Siku ya sita, jua likiwaka, Karanja alikuja na wenzake watatu. Hao ndio waliotutangulia mwaka mmoja. Walikuwa na fito za kaiyaba, ule mti wa ua wenye miiba. Sisi tulikuwa tumefua sketi tukazianika nyuma ya simba, tumejifunga mashuka tu. Nikasikia sauti langoni: "Watoto wako wapi? Leo tunakagua mshono!" Nilikimbia kwenye kamba, miguu imetanuka, kama anavyokimbia mtu mwenye kidonda. Mkono wangu ukaipita suruali ya baba, ukachukua ya kaki. Nasema kama ilivyokuwa: sikukosea. Njuguna alifika nyuma yangu akakuta ya bluu peke yake. Akaniangalia. Akaivaa.

Karanja akainua pindo lake. "Eh! Si hii ni kazi ya fundi! Nani amekushonea, kijana?"

"Mimi mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Hii ni mama! Wewe bado unanyonya!"

Wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Ufito wa kwanza ulimshukia begani na miiba ikabaki humo. Wakamwangusha, wawili wakamkalia miguu, Karanja akawa anampiga kofi la sikio, la kushoto, lile lile, mpaka damu ikachirizika shingoni ikaingia kwenye udongo. Alipojaribu kujikunja walimnyoosha wakaanza upya. Mama alisikia kutoka jikoni, lakini mwanamke haruhusiwi kukanyaga pale, akabaki akipiga sufuria kwa mwiko kama mwendawazimu. Kwangu waligusa tu mshono wakasema, "Huyu ni mwanaume." Nilikuwa nimesimama ndani ya sketi ya Njuguna, na Njuguna hakuwaambia kuwa ni yake.

Sasa mambo ni mengine. Kijana anapelekwa hospitali asubuhi, saa sita yuko nyumbani na simu mkononi, na sketi mama anainunua ikiwa tayari. Hakuna anayekagua mshono. Karanja ni mzee wa kanisa, na tukikutana huniuliza hali ya mama kwa upole kabisa. Njuguna ni fundi wa nguo, ana cherehani pale Woodley, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Niliwahi kumwomba msamaha mara moja, zamani, nikiwa nimesimama kushoto kwake. Nilijua nimesimama wapi.

Desemba hii ilikuwa zamu ya mwanangu. Nilimpelekea Njuguna suruali yangu kuukuu ya kazi, na niliporudi kuichukua, nilizunguka cherehani nikasimama kulia.

"Njuguna, siku ile nilichukua sketi yako nikijua."

Hakuinua kichwa. "Nilikuona kwa kamba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekupiga wewe, halafu wanipige mimi. Wale walikuja kupiga." Akakata uzi kwa meno, akanirushia sketi. "Ya kijana hiyo. Mwambie aseme ameshona mwenyewe."

Niliikunjua barabarani. Cherehani ilikuwa mbele yake siku zote, lakini pindo lote alikuwa amelishona kwa mkono, nyuzi kubwa kubwa, zimepinda, kama gunia la viazi.