Lori Lililolala Sefrou

Zamani, Sikukuu ya Vibanda ilipokaribia, mtaa wa Wayahudi wa Sefrou, huko Moroko, ulijaa kelele za nyundo hata mto unaoupasua katikati haukusikika. Leo mto unasikika vizuri sana, na hakuna aliyebaki wa kuusikiliza.

Yaish Botbol alikuwa fundi bati, na pia mtunza sinagogi, kazi isiyo na ujira ila lawama. Mwaka wake aliujua kwa pua na mikono. Chokaa mbichi ikinuka kutani, Pasaka iko njiani, na kila nyumba inafukuza chembe ya mwisho ya mkate uliochachuka. Jioni Pasaka ilipokwisha, jirani yake Mwislamu, Lalla Zhor, ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi, sinia kichwani: unga, hamira, maziwa, ili nyumba ipate mkate tena. Majira ya joto watu walimwagiana maji vichochoroni kuikumbuka siku Torati iliposhuka mlimani, na Yaish alirudi kwake amelowa chapachapa, anatukana huku anacheka. Siku ya kuomboleza Hekalu lililobomolewa aliketi chini na wenzake, taa zimezimwa. Kisha pembe ya kondoo ya mwaka mpya, kisha kufunga, kisha vibanda vya matete yaliyokatwa mtoni.

Na kilele chake, siku ya kuifurahia Torati: magombo ya Torati yanatolewa kabatini, watu wanacheza nayo kwa duara, linasomwa neno la mwisho, na papo hapo, kabla watu hawajapumua, linasomwa la kwanza. Anayemaliza lazima aanze. Siku hizi, huko walikokwenda, Pasaka hununuliwa dukani ikiwa kwenye boksi, na mtoto akinusa chokaa anauliza kimeoza nini.

Mwaka ule, wengi wakiwa wameshahama, walikuwa wamebaki wanaume wanane. Gombo haliwezi kusomwa mbele ya wanaume wasiotimia kumi, kwa hiyo kabati lilikaa limefungwa Sabato baada ya Sabato. Kamati moja ya Casablanca ikaleta neno: sinagogi lisilo na watu kumi ni ghala tu, lori litakuja mkesha wa sikukuu hiyo ya Torati kuchukua magombo.

"Yataondoka, sikatai," Yaish alimwambia mkewe, Friha. "Lakini hayatoki hapa kama mgeni anayefukuzwa na tonge mdomoni. Sura ya mwisho haijasomwa."

"Utasoma na nani? Na paka?"

"Lori linakuja na watu wangapi?"

Friha akaacha kumenya vitunguu. Akamtazama mumewe. Kisha akaongeza samaki wengine sufuriani.

Lori lilifika mchana. Aliyeshuka kwanza ni Rahamim Elkaim, mjumbe wa kamati, suti ya kijivu na saa ya dhahabu. Nyuma yake dereva, Momo Harroch, Myahudi wa Meknes mwenye tumbo na kicheko.

"Mzee Yaish, fungua kabati tupakie," Elkaim alisema. " Jua likizama sikukuu imeingia, na mimi sisafiri sikukuu."

"Upakie na njaa? Kibanda changu ndicho hiki. Mgeni akikipita bila kuonja, amenitia nuksi mwaka mzima."

"Haya, dakika kumi."

"Dakika kumi ni za kunawa mikono, bwana."

Momo alikuwa ameshakaa. Wakaletewa samaki wa pilipili, kisha kuku wa zeituni, kisha pombe ya tini ambayo Friha aliipika mwenyewe na ambayo haijawahi kumruhusu mtu kusimama mara moja. Elkaim akaomba ufunguo.

"Friha, ufunguo uko wapi?"

"Si unao wewe?"

"Mimi?" Yaish akapekua mifuko: mkasi wa bati, msumari, kopo la ugoro. "Ajabu hii. Momo, mwanangu, hebu ongeza samaki wakati natafuta."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Friha, chini ya shali. Naye akainuka taratibu, akawasha taa za sikukuu.

Elkaim akaruka. "Mama! Jua bado!"

"La Casablanca labda. Sisi huku tuna mlima."

Elkaim akatoka nje mbio. Jua lilikuwa limeshazama. Akarudi amevimba kwa hasira.

"Umenitega, mzee."

"Nimekukaribisha."

"Kamati itasikia!"

"Isikie nini? Kwamba mjumbe wao ameshika sikukuu? Wewe ni wa tisa, na huyu anayelamba vidole ni wa kumi. Sikukuu ikiisha utapakia. Kwanza utacheza."

Sinagogini Friha akautoa ufunguo chini ya shali, kabati likafunguliwa, na Elkaim akacheza. Mzunguko wa kwanza alibeba gombo kama anabeba kreti la soda. Wanawake wakamrushia lozi na vigelegele. Mzunguko wa tatu koti lilikuwa limeshavuliwa, na Momo alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Yaish akasoma hadi neno la mwisho, sauti imekauka. Elkaim akanyoosha mkono kulifunga gombo.

"Bado!" Yaish akapiga meza. Likafunguliwa gombo la pili, akasoma mwanzo wa dunia kwa sauti ya kumkera jirani kiziwi.

Asubuhi baada ya sikukuu magombo yalipakiwa, yamefungwa mablanketi ya wanawake. Mataji ya fedha yaliyokuwa yakivikwa magombo yalishauzwa zamani. Badala yake, juu ya magombo kulikuwa na njuga za bati alizofua Yaish mwenyewe.

"Hizi bati ziache," Elkaim alisema.

"Zinaondoka na wenyewe." Akazikaza kwa waya.

"Basi nipe ufunguo wa jengo. Kamati itaamua."

"Jengo gani? Si mlisema ni ghala? Ghala langu nalifunga mwenyewe."

Elkaim akapanda lori.

Yaish alisimama ukingoni mwa mto, ufunguo wa sinagogi mkononi. Lori lilipoparamia daraja, njuga za bati zikalia zote kwa pamoja, hata mto haukusikika. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuyaona magombo yake. Hakuondoka pale mpaka mto uliposikika tena.