Unyoya wa Kupimia H

Asubuhi hii nilipommwagia kuku maji ya moto, ile harufu ya manyoya mabichi ilinirudisha mtaani kwetu Buyenzi. Nina miaka minane, nimeshika unyoya mweupe mbele ya midomo ya mama: akitamka H, pumzi iuchezeshe.

"Hali ya hewa," alisema mama.

"Mama, aujacheza. Rudia."

"Sema haujacheza, we mutoto. Ugonjwa wenyewe ndio huo." Tukacheka mpaka unyoya ukaniponyoka.

Niwaeleze. Mama alikuwa mwandishi wa habari wa televisheni, yule anayesimama kwenye matope na mikrofoni wakati wengine wanakimbia. Alitaka kukaa kwenye meza, asome jurnali, ile taarifa ya habari ya jioni, kwa Kiswahili. Direkta wake alimwambia bila kuficha: wewe unasema "apana", H yako iko wapi? Ikitoka, utasoma. Isipotoka, baki na mabuti yako ya matope. Basi mimi, mtoto wa darasa la pili, nikawa mwalimu wake mwezi mzima, kila siku kabla ya shule. Chai ilipoa, unyoya ulinuka kuku, na sikumhurumia hata kidogo.

Akapewa jioni moja ya majaribio. Majirani walijaa sebuleni, viatu vyao vikaziba mlango. Mama alitokea na kitambaa cha kijani kichwani, akasema "Habari za jioni" na H ikatoka safi. Nilijipiga kifua. Kila H ilitoka, hadi ikaja habari ya Gatumba, ambako maji yalikuwa yameingia majumbani, naye mchana alikuwa huko huko. Alisema kuna bibi aliyekataa kupanda mtumbwi. Kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi: "Bibi huyo aliniambia: Apana. Mi siachi mbuzi yangu."

Jirani yetu Baba Saidi alicheka mpaka akakohoa. "Eh, Mama Zuena! Buyenzi imemutoka pale pale ku meza."

Mimi nililia. Niliona kiti kimekwenda. Mama aliporudi sikumsalimia, nilimtupia unyoya. "Umeangusha moja."

"Ile haikuwa yangu," alijibu, akavua viatu.

Meza aliipata, baada ya direkta kununa wiki mbili, na aliikalia miaka tisa. Lakini jibu lake sikulielewa hadi nilipozaa. H zake alizitafuta mwenyewe, kwa jasho. Yule bibi alikuwa amebakiwa na mbuzi na neno lake, na mama hakutaka kumnyang'anya neno.

Jana mwalimu wa binti yangu aliandika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu, kwamba Kiswahili cha nyumbani kwetu ni kichafu. Hasira haijaisha, ndiyo maana huyu kuku amenyonyoka upesi hivi. Nimeweka unyoya mmoja pembeni, nimeuosha, unakauka dirishani. Binti yangu H atajifunza, hilo sibishani na mtu. Ila kesho nitakwenda kwa mwalimu huyo na daftari hilo, na neno langu la kwanza litakuwa apana.