Waya Uliochomekwa Pande Zote Mbili

Siku hiyo siisahau, mwanangu, maana nusura nimponze mtu aliyenipa ujuzi. Ilikuwa miaka ya tisini, kompyuta ndiyo kwanza zinaingia maofisini, nami najifunza ufundi wa mtandao kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo ya ndege, kule Kiwalani. Mwalimu wangu, Mzee Shomari, alikuwa amefunga swichi ukutani, kisanduku chenye matundu na vitaa, ambamo nyaya za kompyuta zote zilikutana. Kila asubuhi aliniambia nichomoe waya mmoja, nitazame taa ipi imezimika na nani analalamika. Nikaona ananichezea. Kitabu cha ufundi huo nilishakimaliza, ati!

Mchana wa siku hiyo akaenda kuswali. Nikauona waya unaning'inia, ncha moja imechomekwa kwenye swichi, ya pili haina pa kwenda. Mama alinilea Temeke kwa sheria moja: mtoto wa kike hapiti kitu kimekaa ovyo. Nikaichomeka ncha ile kwenye tundu la pembeni la swichi ileile, nikajisifu kimoyomoyo.

Mara kompyuta zote zikaganda. Vitaa vikapepesa vyote kwa pamoja, na wateja dirishani wakaanza kufoka. Mzee akarudi, kofia ya msikitini bado kichwani, akamkuta meneja anamsubiri.

"Mzee, mtandao wako umetushinda. Kusanya vitu vyako."

Mzee aliutazama ule waya, kisha akanitazama. Hakunitaja. Nami nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na nyumbani wananitegemea. Niliogopa, mwanangu.

"Ni mie, bosi," nikasema. "Mzee hajagusa kitu."

"Uchomoe," mzee akaniambia. Nikauchomoa, taa zikatulia. "Haya, uchomeke tena."

"Mzee wangu!"

"Chomeka, binti. Leo ndo unajifunza."

Nikachomeka, vurugu ikarudi, nikachomoa. Akatueleza: ujumbe ukitoka tundu hili unarudi kwa lile, unazunguka na kuzaana mpaka njia inaziba. Meneja akamwacha mzee kazini. Mie nikaanza majaribio upya, tangu siku ya kwanza, na safari hii kila asubuhi nilichomoa waya bila kununa.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Kitabu soma, lakini mkono nao usome, mbele ya anayejua. Na ukiharibu, sema mapema, kabla mwenzio hajabebeshwa. Mola akujaalie ulimi usiochelewa kukiri, na mwalimu atakayekwambia: haya, uchomeke tena.